Zanzibar, Juni 1961: kura nyingi, viti vichache. Nimweleze vipi mwanafunzi wangu?

Mwalimu wa Bahi

Habari za jioni ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Historia. Nafundisha Bahi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Nina swali linanisumbua tangu Jumatano na naomba wenye kujua mnisaidie, maana Jumatatu narudi darasani na nimeshaahidi jibu.

Siku hiyo nilikuwa kidato cha tatu, tuko kwenye harakati za uhuru. Nikaandika ubaoni matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 1 Juni 1961: ASP (Afro-Shirazi Party) viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party, maarufu kama Hizbu) viti 10, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) viti 3. Pembeni nikaandika na kura, kwa sababu sipendi watoto wakariri viti peke yake. ASP 45,172. ZNP 31,681. ZPPP 12,411. Nikaendelea kueleza kwamba ZNP na ZPPP waliungana, wakafikisha viti 13, wakaunda serikali, na Muhammad Shamte wa ZPPP akawa Waziri Kiongozi.

Kuna msichana mmoja anakaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Si msemaji. Muhula mzima sijamsikia akiuliza kitu. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona ASP peke yake wana kura nyingi kuliko hao wawili?" Nikajumlisha ubaoni mbele ya wote. ZNP na ZPPP pamoja ni 44,092. ASP wamewazidi kwa kura 1,080. Nikamwambia serikali inaundwa kwa viti, si kwa kura. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na viti vinatoka wapi mwalimu, kama si kwenye kura?"

Kengele ikalia. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu.

Jambo lenyewe lina uzito mwingine kwangu. Mama mkwe wangu ni mtu wa Wete, Pemba. Tunaishi naye tangu alipofiwa na mzee, na sasa ana miaka themanini na kitu. Siku ile ya Juni 1961 alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Anasema wanawake walikuwa na mstari wao, wote na mabuibui, na jua lilikuwa limeshapanda. Baba yake alikuwa Hizbu damu damu. Kaka yake mkubwa alikuwa Afro, yaani ASP. Nyumba moja, sinia moja. Anasema tangu mwanzo wa mwaka ule baba na kaka waliacha kula pamoja, na mama yao akawa anapakua sinia mbili, moja barazani na moja ukumbini, na haruhusiwi kusema lolote.

Jumatano usiku nilimpelekea swali la yule mtoto. Alikuwa anachambua mchicha. Akanijibu hivi, nanukuu alivyosema: "Sisi karafuu twapima kwa pishi, mwanangu. Siku ile walihesabu majamvi. Wenye jamvi moja limejaa mpaka linamwagika, wakaambiwa nyie mna jamvi moja. Wenye majamvi mawili yametandazwa karafuu nyembamba, wakaambiwa nyie mna mawili." Akaendelea na mchicha wake.

Nimelifikiria jibu hilo usiku mzima. Naona ndani yake kuna ukweli wote, lakini siwezi kuingia darasani Bahi, kwa watoto ambao hawajaona mkarafuu, nikaanza na jamvi la karafuu. Sisi wenyewe huku bara historia yetu ya kura ni nyepesi mno kulinganisha na ile. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1960, viti vilikuwa 71, na 58 havikuwa hata na mpinzani. TANU wakapata 70. Kiti kimoja tu kilichowaponyoka ni cha Mbulu. Mtoto wa huku akisoma hivyo anadhani uhuru ulikuja hivyo kila mahali: watu wamekubaliana, imebaki kupandisha bendera.

Maswali yangu ni haya. Ilikuwaje hesabu ikatoka vile? Kwa nini 1961 kulikuwa na chaguzi mbili ndani ya miezi mitano? Na kwa nini watu walipigania sana uchaguzi ufanyike kabla ya madaraka ya ndani (kujitawala wenyewe kabla ya uhuru kamili) au baada? Mama mkwe hapo kwenye la mwisho anasema tu, "hapo ndipo palipoungulia." Naomba mwenye uelewa anieleze kama anavyomweleza mtoto wa miaka kumi na saba.

---

Mchambuzi wa Kisasa

Mwalimu, asante kwa uzi huu. Nipo UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nasoma takwimu, na nimefurahi kuona mwalimu anaandika kura na viti ubaoni pamoja. Mimi nilisoma viti tu.

Mama mkwe wako ameshamaliza kazi. Wewe mbadilishie tu karafuu uweke zabibu, au vijiji. Chora ubaoni vijiji vitatu, kila kimoja kina wapiga kura 100. Kijiji cha kwanza, chama A kinapata 90, chama B kinapata 10. Kijiji cha pili, A 45 na B 55. Cha tatu vilevile, A 45 na B 55. Waulize watoto nani kashinda. A ana kura 180, B ana 120. Lakini B ana vijiji viwili, A kimoja. Hakuna kura hata moja iliyoibiwa. Zile kura 39 ambazo A alipata juu ya 51 kule kijiji cha kwanza hazikumfaa kitu, maana kiti cha pale alikuwa ameshakipata.

Sasa chukua namba zako mwenyewe ugawanye. ASP walipata kura 45,172 kwa viti 10, yaani wastani wa kura 4,517 kwa kila kiti. Wale wawili wakiungana walipata 44,092 kwa viti 13, kama 3,392 kwa kiti. Kiti cha ASP kilikuwa ghali kwa zaidi ya kura elfu moja mia moja. Kura za ASP zilikuwa zimerundikana Unguja, kwenye majimbo yao ya ngome kama Ng'ambo pale mjini. Kule Pemba walikuwa wanapata kura za kutosha kabisa, lakini za kushindwa nazo.

Na mwambie yule binti kwamba swali lake lilirudi kubwa zaidi miaka miwili baadaye. Julai 1963 viti viliongezwa vikawa 31. ASP wakapata kura 87,085, sawa na asilimia 54.2. Zaidi ya nusu ya watu wote waliopiga kura. Viti wakapata 13. ZNP kura 47,950 viti 12, ZPPP kura 25,609 viti 6. Jumla yao 18. Kwa hiyo chama chenye zaidi ya nusu ya kura kikakaa upinzani. Ukifanya tena ile hesabu ya kugawanya, kiti kimoja cha ASP kilikuwa kura 6,699, cha wenzao 4,087. Pengo lilikuwa limepanuka.

Wape wanafunzi wafanye wenyewe mgawanyo huo, usiwape jibu. Nina hakika yule wa dirishani atakuwa wa kwanza.

---

Mzee wa Kolo

Mwalimu, marahaba. Mimi niko Kondoa, nimestaafu, macho hayanisaidii sana kwa hiyo kuna mjukuu anachapa.

Hilo la chaguzi mbili nitakueleza. Uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1961 ulikuwa Januari. Viti 22. ASP wakapata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Na hiyo kumi ya ASP usiione hivi hivi. Jimbo la Chake Chake walilipata kwa kura moja. Moja. Fikiria mtu mmoja angeumwa siku ile.

Hapo kila mtu akawatazama wale watatu wa ZPPP. Wakagawanyika. Mmoja akaenda ASP, wawili wakaenda Hizbu. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haiwezi kusimama. Ikawekwa serikali ya muda, kikaongezwa kiti kimoja huko Pemba ili visiweze tena kulingana, na watu wakaambiwa wapige kura upya tarehe 1 Juni. Miezi ile ya katikati ndiyo iliyoharibu. Uchaguzi wa Januari ulikuwa haujawaponya, na kila upande ulikuwa unajua kwamba kura moja inaweza kuamua. Hizbu na ZPPP safari hii wakapatana mapema, wakaachiana majimbo. Siku ya Juni damu ikamwagika. Watu 68 walikufa katika machafuko yale, na wengi wao walikuwa Waarabu, wengine wa mashamba huko, watu waliokuwa wanauza duka dogo na kulima. Mwalimu, namba hiyo usiiache nje ya ubao. Ukiandika viti na kura, andika na hiyo.

Sasa nikuambie la baba yangu, maana ndilo lililonifanya nimwambie mjukuu achape. Baba alitoka hapa Kondoa kijana, akaenda Unguja kwenye karafuu. Wengi wa bara walikwenda, Wanyamwezi wengi, Warangi wachache. Alikaa kule miaka tisa. Alikuwa amepewa sehemu alime mihogo yake chini ya mikarafuu ya mwenye shamba, naye anapalilia shamba. Hakuna kodi, hakuna karatasi. Ndiyo maisha ya maskwota wote.

Mwaka 1957 ukaja uchaguzi wa kwanza. Wanaume tu, tena walio raia wa Sultani na wenye kutimiza masharti mengine. Baba hakuwa raia wa Sultani, hakupiga kura. Lakini alikuwa Ng'ambo siku Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, alipomshinda Ali Muhsin wa Hizbu, kura 3,328 kwa 918, na alikuwa akituhadithia namna watu walivyoimba mpaka alfajiri. Wiki chache baadaye mambo yakageuka. Wenye mashamba wakaona hawa tunaowapa ardhi ndio wanaotupigia kura kinyume. Wakaanza kuwatoa. Baba alitolewa. Mihogo ilikuwa bado michanga. Mwenye shamba hakumtukana, alimwambia tu kwamba aende akaombe ardhi kwa aliowashangilia. Baba alipojibu kwamba yeye hata kura hana, akaambiwa ni yale yale.

Hapo ndipo siasa ilipoingia kwenye kila kitu. Watu wakasusiana maduka, wakasusiana mabasi, wakasusiana hata mazishi. Mtu amekufa, jirani wa ukuta mmoja haji kumzika kwa sababu ya chama. Kule wenyewe miaka hiyo wanaiita zama za siasa, na mtu akilitaja jina hilo huwa anashusha sauti.

Mwalimu Nyerere na wenzake walijaribu. Mwaka 1958 huko Mwanza vyama vya Afrika Mashariki na Kati viliunda PAFMECA, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwapatanisha hao wa Zanzibar. Wakapatana kwa muda, wakaunda kamati ya pamoja. Haikudumu.

Baba alirudi Kondoa 1958. Mpaka anakufa hakuwahi kusema vibaya kuhusu Waarabu wala Hizbu, na mimi sikufundishwa hivyo. Alichokuwa akirudia ni ile mihogo, kwamba ingebaki miezi minne tu.

---

Mpemba wa Area C

Assalamu alaykum. Mwalimu, mwanzo nakupongeza, na mfikishie salamu zangu mama mkwe. Mimi ni wa Chake Chake, kazi imenileta Dodoma mwaka wa sita sasa.

Nimeusoma uzi huu kwa makini na nina ombi moja. Usimwache yule mtoto akaondoka na picha kwamba kura ziliibwa Pemba. Mchambuzi amelisema vizuri na nalisisitiza: kwa sheria iliyokuwepo, walioshinda viti walishinda. Mapatano ya ZNP na ZPPP kabla ya Juni hayakuwa siri. Aliyempigia ZPPP mwezi Juni alijua anamleta nani madarakani. Na watu waliowapigia si watu walionunuliwa au walioburutwa. Walikuwa ni babu zetu na bibi zetu, Washirazi wa Pemba, Waafrika kama huyo baba wa Mzee wa Kolo.

Kwa nini sasa wasimfuate Karume? Hapo ndipo watu wa bara wengi hupapita haraka. Habari ya baba wa Mzee imeniuma kweli, lakini ni habari ya Unguja. Kwetu Pemba mwenye mikarafuu mara nyingi alikuwa Mpemba mwenyewe. Babu yangu alikuwa na mikarafuu yake, michache, ya kurithi. Jirani yake Mwarabu alikuwa na yake, michache vilevile, na ameoa kwetu. Hatukuwa na yule mwenye shamba mkubwa aliyekaa mjini na skwota chini ya mti. Msimu ukifika, watu wa Unguja na wa bara ndio waliokuja kuchuma. Kwa hiyo ukija na siasa ya "Mwafrika mnyang'anywa ardhi na Mwarabu mwenye ardhi", Unguja utapata makofi, Pemba utaulizwa, "unazungumza habari ya nani?" Na kulikuwa na hofu ya kumezwa na bara. Hofu hiyo naijua, ilikuwa nyumbani kwetu, na kuidharau ni kutowaelewa watu.

Hata hivyo sitajificha nyuma ya sheria. Ile ya 1963 mimi pia inanikwama kooni. Asilimia 54 si jambo la kulielezea kwa hesabu ya vijiji vitatu ukaenda kulala. Majimbo yalikuwa 17 Unguja na 14 Pemba, na ASP walipata viti viwili tu Pemba. Hao viongozi wetu walikuwa na kila sababu ya kuona kwamba serikali yao imesimama juu ya kigogo kimoja. Wangeweza kuwaita wenzao wakae pamoja. Na serikali inayoongozwa na mtu wa chama kidogo kuliko vyote, chenye viti 3 mwaka 1961 na 6 mwaka 1963, ilihitaji marafiki zaidi ya kiasi. Badala yake wakaelekea kwenye uhuru wao peke yao.

Na hili linanipeleka kwenye swali lako la tatu, la uchaguzi kabla ya madaraka au baada. Machi 1962 walikwenda London wote, kwenye mkutano wa katiba pale Lancaster House. Serikali ya ZNP na ZPPP ilisema: tuna serikali iliyochaguliwa, tupeni madaraka na uhuru, uchaguzi utafuata. ASP wakasema: hapana, kwanza uchaguzi mpya, kisha madaraka. Waingereza wakasema wapatane. Hawakupatana, wakarudi mikono mitupu. Ukiwa darasani utaona kama mabishano ya tarehe. Lakini kila upande ulijua kwamba atakayekuwa kwenye kiti siku Mwingereza anaondoka ndiye atakayekuwa na polisi, na hazina, na neno la mwisho juu ya nani raia na nani si raia. Kwa hiyo hawakuwa wakigombania mwezi.

Mwisho madaraka ya ndani yakaja tarehe 24 Juni 1963, na uchaguzi ukafuata Julai, wiki mbili tu baadaye. Uhuru ukawa tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Hesabu siku katikati.

---

Mwalimu wa Bahi

Nimehesabu. Thelathini na tatu.

Ndugu zangu, nimeshindwa kulala bila kuwajibu. Mchambuzi, ule mfano wa vijiji vitatu nimeujaribu leo mchana kwa wanangu wawili, mezani, kwa maharage. Mdogo yuko darasa la sita, kaelewa kabla ya mkubwa. Nitautumia Jumatatu kama ulivyo, na mgawanyo nitawaachia wenyewe.

Mzee wa Kolo, mjukuu wako namshukuru na wewe nakuombea afya. Ile 68 nitaiandika ubaoni. Nakiri miaka yote nimekuwa nikiifundisha Juni 1961 bila hao watu. Mtaala umebana, vipindi ni vichache, ukiwa na dakika arobaini unakimbilia majina ya vyama. Lakini hiyo si sababu ya kutosha na nimelielewa hilo leo.

Mpemba wa Area C, wewe umenirekebisha hasa. Nilikuwa nakwenda kumjibu yule binti kama vile kulikuwa na wenye haki upande mmoja na wajanja upande mwingine. Nimemsomea mama mkwe maneno yako yote, neno kwa neno, maana naye macho yamechoka. Nilipofika kwenye babu mwenye mikarafuu michache na jirani Mwarabu aliyeoa kwenu, alicheka, akasema "huyo wetu." Nilipofika kwenye hofu ya kumezwa, alinyamaza.

Kisha akaniambia kitu ambacho katika miaka yote ya kukaa naye hakuwahi kunambia. Nilidhani najua alimpigia nani. Nilikuwa nimekaa na wazo kwamba alifuata baba, kwa jinsi anavyomheshimu. Kumbe alimfuata kaka. Siku ile ya mstari wa mabuibui baba yake alimpa nauli na kumwambia ampigie jogoo, yaani Hizbu. Aliitikia, akaenda, akapiga alivyotaka mwenyewe. Anasema mkono ulimtetemeka mpaka akaogopa karatasi itaharibika. Aliporudi baba akamuuliza, "Umefanya?" Akajibu, "Nimefanya, baba." Hakusema uongo, lakini tangu siku hiyo hakuweza kumtazama baba yake usoni kwa muda mrefu.

Matokeo yalipotangazwa redioni kaka yake alikaa barazani akasema maneno ambayo mama mkwe anayakumbuka hivi: "Sisi tumewazidi watu, wao wametuzidi viti." Baba alimsikia kutoka ndani. Hakujibu. Siku ya pili kaka akaondoka kwenda Unguja kutafuta kazi bandarini, na baba yao alipofariki mwaka uliofuata, kaka hakuja kumzika. Hakukatazwa na mtu. Mama mkwe anasema labda alijua kwamba walioshika jeneza wote watakuwa wa chama kile.

Nilimuuliza kama anajuta kura yake. Akaniuliza mimi: "Kwani ilifika wapi?" Nikakosa la kumjibu, maana jimbo lao walishinda wenzao. Kura yake ilikuwa moja katika zile za Pemba ambazo Mchambuzi amezisema, za kushindwa nazo.

Nikarudi kumfafanulia zile hesabu, kwamba ASP walizidi kwa kura 1,080 kwa jumla, kwamba yake imo mle ndani. Akataka niirudie hiyo namba. Nikairudia. Akaniambia nimwandikie kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa. Nimeandika kwa kalamu nene 45,172 na chini yake 44,092, na tofauti yake. Ameikunja karatasi ameiweka kwenye kikoba chake cha dawa.

Jumatatu kipindi changu ni cha tatu. Nimemwomba ruhusa ya kumtaja darasani, bila jina. Amekubali, ila ana sharti. Anataka yule mtoto wa dirishani aambiwe kwamba swali lake limeulizwa tena, Nkuhungu, na mtu aliyekuwepo, na naye bado anasubiri jibu. Mzee wa Kolo, samahani kwa usumbufu, ningependa kujua kama kuna yeyote pale Kondoa katika waliokwenda karafuu na baba ambaye bado yu hai. Mama mkwe ameniuliza.

---

Mzee wa Kolo

Yupo mmoja. Yuko Pahi, amezeeka sana, lakini akili anayo. Mjukuu atakwenda Jumamosi na pikipiki. Mwambie mama mkwe atume swali lake, na aseme alikuwa mtaa gani wa Wete.